Kijana Aingiapo JKT Huku Akiitazama Polisi

Wazazi kadhaa wa Mafinga wametuletea swali moja kwa maneno tofauti. Kijana amemaliza kidato cha nne, anatamani kuwa askari polisi au afisa uhamiaji, naye amesikia kwamba njia ya kufika huko ni kujiunga kwanza na Jeshi la Kujenga Taifa kwa kujitolea. Je, wampe ruhusa? Kwa watu wa Mafinga jambo hili haliko mbali. Kikosi cha 841 cha JKT kipo hapo hapo kwao, na watoto wao wamekua wakiziona sare zake na kusikia mchakamchaka wake. Si ajabu basi kijana akiona kwamba safari ya kwenda Polisi inaanzia jirani na nyumbani.

JKT ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, nchi ikiwa changa, ili kuwalea vijana katika nidhamu, kazi na uzalendo. Huduma hiyo ilipofanywa ya lazima kwa wasomi, wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Oktoba 1966 kuipinga, na karibu 400 kati yao wakafukuzwa masomoni. Utaratibu wa mujibu wa sheria ulisimamishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013 kwa wahitimu wa kidato cha sita, ambao kwa kawaida hukaa kambini miezi 3. Kijana tunayemzungumzia hapa ni wa kundi jingine, la wanaojitolea kwa mkataba wa miaka 2.

Katika matangazo ya kuwaita vijana hao, JKT imekuwa ikirudia kauli moja: kwamba haitoi ajira, wala haiwatafutii vijana ajira katika vyombo vya ulinzi na usalama au kwingineko, bali inawapa malezi na stadi za kujitegemea baada ya mkataba. Kauli hii husomwa haraka mno majumbani mwetu, au haisomwi kabisa. Upande wa pili nao ni wa kweli. Jeshi la Wananchi linapotangaza nafasi huwataka waombaji wawe wamepitia JKT, na vyombo vingine vimezoea kuchukua vijana kutoka makambini. Mlango upo, na wengi wameupita. Ahadi ndiyo ambayo haipo.

Tofauti hiyo iligharimu vijana wengi Aprili 2021. Baadhi ya waliokuwa wakitumika katika kazi za ujenzi, wakiamini kuwa wameahidiwa ajira, waliandamana kuidai, na Mkuu wa Majeshi wa wakati huo, Jenerali Venance Mabeyo, akatangaza kufukuzwa kwa vijana 854. Baadaye walipata msamaha wa Rais Samia. Tukiiweka habari hii kando ya ile ya 1966 tunaona jinsi nyakati zilivyogeuka: vijana wa kwanza waliandamana kwa kuwa hawakutaka kuingia, na wa pili kwa kuwa hawakutaka kutoka mikono mitupu. Hatuwalaumu sana hao wa pili. Kijana aliyebeba zege kwa miaka miwili au mitatu huku nyumbani wakimhesabia mshahara ana haki ya kuumia. Lakini nyumba iliyompeleka kambini bila kumsomea tangazo nayo ina sehemu yake.

Hata Marekani, ambako sheria humwongezea aliyetumikia jeshi alama 5 au 10 katika kuomba baadhi ya kazi za serikali kuu, anayetaka kuwa mpelelezi wa FBI bado hutakiwa awe na shahada. Jeshi humsogeza mtu mbele, lakini vigezo vya chombo chenyewe havimsahau.

Swali tunalotaka wazazi waanze nalo ni jingine: mtoto huyu anafaa kazi gani? Tumezoea kusema "aingie popote, mradi apate", kana kwamba sare zote ni moja. Askari wa Jeshi la Wananchi hufunzwa kumkabili adui. Polisi hushughulika na jirani yake: mke aliyepigwa, mlevi, mtuhumiwa anayelia, mwenye duka aliyeibiwa, na kila siku huombwa afumbe macho. Askari magereza, ambao chuo chao cha Kiwira kipo huko huko Nyanda za Juu Kusini, hukaa miaka mingi na watu walewale nyuma ya ukuta. Kazi hiyo yataka subira ambayo si kila mtu amejaaliwa. Uhamiaji ni kazi ya karatasi na maswali, na katika mipaka kama Tunduma na Kasumulu ni kazi ya majaribu ya fedha pia. Zimamoto vijana wetu hawaitaji kabisa, nasi hatujui kwa nini, hasa kwa kijana aliyezaliwa kando ya msitu wa Sao Hill na anayejua moto wa kiangazi unavyoteketeza miti ya miaka 20 kwa mchana mmoja.

Mtume (S.A.W.) alipoombwa cheo na Abu Dharr (R.A.), swahaba ambaye ukweli wa ulimi wake haukuwa na shaka, alimweleza kuwa yeye ni dhaifu kwa jambo hilo na kwamba cheo ni amana. Imani yake haikutiwa dosari. Alielezwa tu kwamba amana ile haikuwa ya bega lake. Naye binti wa yule mzee wa Madyan, alipopendekeza Nabii Musa (A.S.) aajiriwe, alitaja mambo mawili, nguvu na uaminifu. Majumbani tunapima la kwanza kwa kumtazama kijana kifua na urefu. La pili tunaliacha, na bunduki na pingu vinamfuata.

Uaminifu huo hujaribiwa kabla ya sare. Kila msimu wa nafasi hutokea watu wanaojinadi kuwa na "mtu ndani", na wazazi huuza shamba la miti au ng'ombe ili wawalipe. Maombi ya JKT hupitia ofisi za wilaya na mikoa, na vyombo vyenyewe huonya mara kwa mara juu ya matapeli hao. Wengi hupoteza fedha na nafasi pamoja. Lakini hata yule ambaye fedha yake "imefanya kazi" ameanza maisha ya kulinda sheria kwa rushwa, ambayo mtoaji na mpokeaji wake wamelaaniwa na Mtume (S.A.W.), na mshahara wake tunaula sote nyumbani.

Jaribio jingine halisemwi hadharani. Matangazo ya Polisi kwa kawaida humtaka mwombaji awe hajaoa wala kuolewa. Tumesikia ushauri ukitolewa, hata na watu wazima, kwamba kijana afungishwe nikaha ya kimyakimya na kwenye fomu ajaze kuwa hana mke. Hatukubaliani nao. Nikaha yataka kutangazwa, na binti wa watu hawezi kufichwa kama deni. Akipata mimba, nani atasimama naye wakati mumewe yuko chuoni na amekwisha kusaini kuwa hamjui? Kijana aliye tayari kuoa na aoe, atafute riziki nyingine. Anayetaka kusubiri asubiri kwa usafi, na wazazi wa pande zote waambiwe ukweli.

Akienda, basi miaka hiyo 2 iwe na faida hata Polisi wasipomwita. Ajifunze ufundi anaopewa na asiudharau: useremala, uashi, umeme, ufugaji. Mafinga ni mji wa mbao. Fundi seremala mwenye nidhamu ya kambi hatalala njaa pale. Wazazi nao wahesabu umri, kwa kuwa kila chombo kina ukomo wake, na miaka hukimbia wakati wa kungoja.

Na kuna jambo dogo ambalo huwaangusha watoto wetu zaidi ya wengine, nalo ni majina. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Muhammad, cheti cha kidato cha nne Mohamed, kitambulisho cha NIDA Mohamedi. Binti ni Khadija hapa na Hadija pale. Siku ya usaili karatasi hizo huwekwa mezani pamoja, na kijana hurudishwa. Tangazo likitoka siku huwa chache, na marekebisho RITA au NIDA hayangoji basi la asubuhi. Karatasi hizo zitolewe kabatini wiki hii, zisomwe herufi kwa herufi, na baba na mama wakiwa wameketi pamoja na kijana mwenyewe.