Kitufe kimoja, treni inaondoka

Ben, mtoto wa mwanamuziki Neil Young, alizaliwa mwaka 1978 na ana mtindio wa ubongo. Hasemi, na mikono yake haimtii. Huko California, baba yake alijenga bandani reli ya treni za kuchezea, vilima vyake vikiwa magogo halisi. Kikwazo kikawa vitufe vidogo vya kuziendeshea; vilimshinda mtoto. Young na mafundi wakabuni kitufe kikubwa chekundu. Ben akikibonyeza, treni inaondoka.

Mwaka 1995 Young aliingia ubia wa kuinunua Lionel, kampuni ya treni hizo. (Baba gani huyo!)

Wataalamu wa tiba kazi hutumia swichi za namna hii, mtoto aone kwamba tendo lake lina jibu. Mzazi, usimbonyezee. Msubiri, hata dakika nzima.