Pampu Mbili, Tangi Moja

Mtu aliyezaliwa juu ya uwanda wa Makonde hahitaji kufundishwa maana ya huduma kukatika. Nchi yetu ni ya mchanga. Mvua ikinyesha hunywewa na ardhi papo hapo, na maji hujitokeza chini kabisa, penye mabonde na miguu ya magenge. Bibi zetu wa Newala waliondoka alfajiri na mitungi, wakateremka na kupanda, na wakarejea jua likiwa limekwisha kuwa kali. Hata maji yalipoanza kusukumwa kwa mitambo kutoka bonde la Kitangari katika miaka ya 1950, na hata miradi ya maji ya Mtwara na Lindi ilipoendelezwa kwa msaada wa Finland tangu miaka ya 1970, shida haikwisha, ilihama tu. Zamani ilikuwa miguuni mwa mwanamke, sasa ikawa ndani ya pampu. Pampu ikifa, mji mzima hukauka.

Kwa ajili hiyo fundi wa maji mwenye akili hafungi pampu moja, hufunga mbili. Lakini fundi mwenye akili zaidi huuliza swali la pili: je, pampu hizo mbili zinamimina wapi? Kama zote zinamimina katika tangi moja, na tangi hilo limepasuka, basi hata pampu kumi hazitamfaa mwananchi kitu.

Leo safu hii yataka kusema juu ya tangi la namna nyingine. Kumbukumbu za mkulima, za mgonjwa, za mlipa kodi na za mwanafunzi hazimo tena katika makabati ya chuma ya wilaya. Zimo katika seva, yaani kompyuta kubwa zinazohudumia ofisi nyingi kwa wakati mmoja, nazo aghalabu ziko mbali na Masasi na Newala. Stakabadhi ghalani ilipoanza katika korosho mwaka 2007, karatasi ndiyo iliyokuwa mfalme. Tangu msimu wa 2024/2025 minada ya korosho huendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, na wanunuzi hawatumbukizi tena bahasha katika sanduku. Ni hatua njema, wala mimi si miongoni mwa wanaoililia bahasha. Lakini lile sanduku, pamoja na hila zote zilizolizunguka, halikuwahi kuzimika.

Msimu mmoja wa karibuni nilikuwa katika ofisi moja ya kusini, ambayo sitaitaja. Watu walikaa barazani tangu asubuhi, na jibu lilikuwa lile lile: mfumo uko chini. Tulirudi kesho yake, na jibu halikubadilika. Karibu nami alikaa mzee mmoja aliyekuja kufuatilia fedha zake ili ampeleke mjukuu shule, naye alikuwa amekwisha kulipa nauli mara mbili. Alasiri ya siku ya pili kijana fundi, mwenye adabu na aliyechoka, alitoka akatueleza kwa unyenyekevu kwamba seva zilikuwa mbili, moja ya kazi na moja ya akiba, ila zote zilisoma kabati moja la diski, na kabati ndilo lililoharibika. Akaongeza kwamba ile ya akiba haikuwahi kushika kazi hata siku moja tangu ilipofungwa. Yule mzee akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza, “Sasa mwanangu, hiyo ya pili mliiweka ya nini?”

Kijana hakuwa na jibu. Nami nikaona kwamba swali lile halikumpasa yeye, bali wakubwa wake.

Yafaa tueleze kazi hii jinsi ilivyo, maana maofisa wengi husaini hati za ununuzi wake bila ya kuijua. Seva mbili au zaidi hufungwa kama kundi moja. Kila sekunde hupelekeana ishara ndogo, kama watu wawili wanaolala chumba kimoja gizani, kila mmoja akikohoa ili mwenziwe ajue kwamba yu hai. Ishara ya mmoja ikikatika, mwingine huchukua anwani yake, hufungua hifadhi ya pamoja ya kumbukumbu, na huendeleza huduma pale ilipoachwa. Mwananchi aliye dirishani asitambue lolote, au asubiri dakika moja tu. Ufundi huu si mpya. Kampuni ya Digital ya Marekani iliuza mitambo ya namna hii tangu mwaka 1984, na siku hizi programu za kuuendesha, kama Pacemaker, hupatikana bure kwa yeyote mwenye kujua kuzitumia.

Hatari kubwa haiko katika kufa kwa seva. Iko katika kudhaniwa kufa. Tuseme uzi unaobeba ile ishara umekatika, lakini seva zote mbili ni nzima. Kila moja itamdhania mwenzake amekufa, na kila moja itajitangaza kuwa mkuu. Zote mbili zitaandika katika hifadhi moja kwa wakati mmoja, huyu akifuta alichokiandika yule. Huduma iliyozimika huweza kuwashwa. Lakini daftari lililoandikwa na makarani wawili waliopofuka halitengenezeki. Kilo za korosho za mtu zitaonekana mara mbili, za mwingine hazitaonekana kabisa.

Waliosoma chuoni kama mimi wanajua jambo hili kwa njia nyingine. Imamu akitengukiwa na udhu katikati ya swala, aliye nyuma yake husogea mbele na swala huendelea. Ndiyo maana mahali pale nyuma ya imamu huwekwa mtu anayejua, si yeyote aliyewahi kufika. Lakini imamu yule huondoka. Haiwezekani wawili wasimame mbele, kila mmoja akirukuu kwa wakati wake, maamuma wasijue wamfuate nani. Kwa seva sharti ni hilo hilo, tena ni kali zaidi: kabla ya kupokea kazi, seva ya pili lazima ihakikishe ya kwanza imekwisha kutoka, hata ikibidi kuikatia umeme. Mafundi wengine huiacha hatua hii kwa kuona ni ukatili au ni gharama, na wengine huifunga kisha wakaizima kwa sababu iliwahi kuwasumbua. Mimi nasema kundi la seva lisilo na hatua hii ni bora lisiwepo kabisa.

Na nani aamue yupi ni mkuu? Hapa mafundi wanahitaji kitu ambacho sisi wa Chama tunakijua tangu ngazi ya shina: akidi. Palipo na wawili tu, wakitofautiana hakuna wingi. Kwa hiyo huwekwa shahidi wa tatu, hata kompyuta ndogo tu isiyo na kazi nyingine, na upande unaopata wawili kati ya watatu ndio wenye haki ya kuandika. Upande wa mmoja hunyamaza. Ofisi ikinunua seva mbili za mamilioni na kukosa shahidi wa bei ndogo, imeitisha mkutano usioweza kupitisha azimio.

Ndugu zetu wa Visiwani watanielewa upesi kuliko wengine, kwa kuwa wamelipa ada ya somo hili. Mwaka 2008 Unguja ilikaa kiasi cha wiki nne bila ya umeme wa gridi, na tena kutoka Disemba 2009 hadi Machi 2010, karibu miezi mitatu. Kisiwa kizima kilitegemea waya mmoja chini ya bahari kutoka Bara. Umeme ulipokatika, pampu za maji nazo zilisimama, wenye hoteli wakanunua mafuta ya majenereta na wanyonge wakanunua maji. Waya mpya wa megawati 100, uliogharamiwa na Marekani, ulikuja mwaka 2013. Ziada ya namna hii aghalabu hununuliwa baada ya msiba.

Wala wawili si wawili kila mara. Tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilizorota nchini kote. Nyaya za EASSy na Seacom zilikuwa mbili kwa jina na kwa mmiliki, lakini zote zilipata hitilafu siku moja katika bahari baina ya Msumbiji na Afrika Kusini. Aliyezikodi zote mbili akijiona salama alikuwa amekodi njia moja kwa bei ya mbili. Vivyo hivyo seva mbili zilizo katika chumba kimoja, zenye soketi moja ya umeme, feni moja ya kupoza na fundi mmoja mwenye nywila, ni seva moja.

Yupo atakayesema haya ni anasa kwa nchi changa. Tukumbuke basi historia yetu. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baada ya miaka michache hesabu za Serikali zilivurugika ndani ya mashine ambayo ni wachache mno walioielewa, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku. Vijana huicheka marufuku ile. Mimi siicheki kwa wepesi, ijapokuwa ilituchelewesha. Waliopitisha uamuzi ule walikuwa wameona fedha za umma zikipotea mahali wasipoweza kupachungulia. Hatutaki kurudi huko, na njia ya kutorudi ni kumfanya mtumishi wa umma aweze kuchungulia.

Basi maofisa waulizwe kwa tarakimu. Mkataba ukiahidi huduma kuwepo kwa asilimia 99.9 ya wakati, maana yake ni ruhusa ya kuzimika kiasi cha saa tisa kwa mwaka. Asilimia 99.99 ni kama dakika 53. Tofauti ya tarakimu hizo ni fedha nyingi, na si kila ofisi inaihitaji. Leseni ya baiskeli yaweza kungoja kesho. Malipo ya mkulima wakati wa msimu hayawezi, na dawati la kupokea wagonjwa hospitalini haliwezi. Ichaguliwe kwa uwazi ni huduma ipi ipewe ulinzi gani, na saa tisa hizo zisije zote siku ya mnada.

Kisha lije jaribio. Mamlaka ya Serikali Mtandao, ya Bara na ile ya Zanzibar, ziagize kila mwenye mfumo wa umma azime seva yake kuu kwa makusudi mara mbili kwa mwaka. Kazi hiyo ifanyike saa nne asubuhi, watu wakiwa foleni, isifanyike usiku wa manane ambapo kila kitu hufaulu. Dakika zihesabiwe na zibandikwe ukutani. Itolewe pia nakala ya kumbukumbu iliyohifadhiwa mahali pengine, irudishwe mbele ya mkaguzi, ionekane kama inasomeka. Maana hifadhi ya pamoja ikifa, hiyo nakala ndiyo pekee iliyobaki.

Kwa upande wetu wa kusini, jaribio la kwanza lifanyike kabla ya mnada wa kwanza wa korosho, mbele ya viongozi wa vyama vya msingi vya Masasi na Newala. Naomba yule mzee naye aalikwe. Jina lake limo katika daftari la ofisi ile, kwani siku zile mbili hata mahudhurio yetu yaliandikwa kwa kalamu.