Mambo ya Nyumbani: Kachori za Viazi

Katika miji ya Kenya, na zaidi sana Mombasa na miji mingine ya pwani, ni shida kumpata mtu asiyeijua kachori: tonge la viazi vilivyopondwa na kutiwa viungo, likavikwa unga wa dengu na kukaangwa katika mafuta mengi. Mtoto huinunua atokapo shuleni, kibarua huila kwa chai yake, na mwezi wa Ramadhani haikosi katika sinia la futari. Lakini wengi waipendao hawajapata kuipika, kwa kudhani ya kwamba ina siri wanayoijua Wahindi peke yao, au ya kwamba inataka viungo vya thamani kubwa. Dhana hiyo si ya kweli. Siri ya kachori ni moja, nayo ni kuyatawala maji. Ajuaye kuyaondoa maji pasipohitajika, na kuyatia kwa kipimo panapohitajika, atafanikiwa. Asiyejua hayo kachori zitampasukia ndani ya karai, hata akiwa na viungo vya duka zima.

ASILI YAKE

Chakula hiki kilitoka upande wa magharibi wa India. Wamarathi na Wagujarati hukiita batata vada, na kusini mwa nchi hiyo hufanywa kitu cha namna hiyo kiitwacho bonda. Kwa Wahindi neno kachori ni jina la kitafunio kingine, chenye ganda la unga uliokandwa na kujazwa nafaka za jamii ya kunde ndani. Lakini kwa Waswahili jina hilo limehamia kwenye tonge la viazi.

Hata hivyo, kiazi chenyewe si cha India. Kilianza kulimwa katika milima ya Andes, Amerika ya Kusini, na pilipili kali nayo ilitoka Amerika, ikavushwa bahari na Wareno. Neno batata ni la Kireno, na Waswahili wasemapo mbatata wanalitumia neno lilo hilo. Basi kabla ya kumfikia mpishi wa Mombasa, kitafunio hiki kilikuwa kimekwisha kuunganisha nchi zilizo mbali sana.

Reli ya Uganda ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani, mahali paitwapo Kisumu, mwaka 1901. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India kwa kazi hiyo, wengi wao Wapunjabi. Walio wengi wakarudi kwao, na zaidi ya 6,000 wakabaki. Wenye maduka, ambao wengi walikuwa watu wa Gujarat na Kachi, na baadhi yao walikuwako pwani tangu zamani, waliifuata reli wakafungua biashara bara. Hivyo unga wa dengu, manjano na bizari vikapatikana hata mbali na bahari; na nchi za baridi kama Limuru, Kinangop na Meru zikawa mashamba makubwa ya viazi. Mambo hayo mawili ndiyo yaliyokutana jikoni.

VITU VINAVYOTAKIWA

Kwa kachori ishirini hivi, mpishi awe na viazi kilo moja, unga wa dengu vikombe viwili, unga wa mchele kijiko kimoja cha mezani, pilipili mbichi tatu, punje nne za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi kadiri ya kidole gumba, mbegu za haradali kijiko kimoja cha chai, bizari nyembamba, ambayo wenye maduka huiita jira, kijiko kimoja cha chai, manjano nusu kijiko cha chai, fungu moja la dania, ndimu moja, chumvi, na mafuta ya kukaangia. Asiyepata haradali asikate tamaa, maana kachori haitaharibika kwa kukosa kitu hicho kimoja.

Viazi na vichaguliwe kwa uangalifu. Vilivyokomaa na vyenye unga mwingi ndivyo bora. Vichanga huwa na maji mengi, wala havishikani vizuri. Kiazi kilichogeuka rangi ya kijani kwa kukaa juani kisitumiwe, kwa sababu ndani yake huongezeka sumu isiyoondoka kwa kuchemshwa.

KUPONDA NA KUUNGA

Viazi na vioshwe, vichemshwe vizima pamoja na maganda yake, kuanzia katika maji baridi. Ganda huyazuia maji yasiingie. Akatakaye viazi vipande vipande kabla ya kuvichemsha huyafungulia maji mlango. Aina iitwayo Shangi, ambayo imeenea sana nchini Kenya, huiva upesi, kwa hiyo isisahauliwe motoni. Kisu kikipenya bila nguvu, maji yamwagwe mara moja, viazi vimenywe vingali na moto, kisha vitandazwe katika sinia ili mvuke utoke. Mvuke huo ni maji yanayoondoka bure, na kungoja dakika kumi ni faida tupu. Baadaye viazi vipondwe, lakini visipondwe mpaka vikavutika kama gundi. Vipande vidogo vikibaki hapa na pale si kosa.

Viungo havifai kutupwa vibichi juu ya viazi. Harufu nzuri ya viungo vingi huyeyuka katika mafuta kuliko katika maji. Kwa hiyo vijiko viwili vya mafuta vipashwe moto katika sufuria ndogo, haradali itiwe mpaka ianze kurukaruka, ifuate bizari, kisha tangawizi, saumu na pilipili vilivyotwangwa pamoja. Vikaangwe mpaka vikauke na harufu ya ubichi iishe. Manjano yatiwe mwisho, sufuria ikiwa imeepuliwa, kwa maana huungua upesi na kuwa machungu. Yote yamiminwe juu ya viazi, pamoja na chumvi, dania iliyokaushwa vizuri baada ya kuoshwa, na ndimu kidogo kidogo. Mchanganyiko uonjwe, kisha ufanywe matonge kadiri ya yai dogo, yaliyo laini pande zote, pasipo ufa. Matonge na yapoe kabisa kabla ya kukaangwa.

KUVIKA NA KUKAANGA

Hapa ndipo maji yanapohitajika, lakini kwa kipimo. Unga wa dengu na ule wa mchele vichekechwe, vitiwe chumvi, kisha maji yaongezwe kidogo kidogo huku mtu akikoroga, mpaka upatikane uji mzito usio na madonge. Kwa kawaida kikombe kimoja kisichojaa hutosha. Kijiko kikichovywa kitoke kimefunikwa chote, wala chuma kisionekane. Uji ukiwa mwepesi huteleza na kuliacha tonge uchi. Mafuta yakipenya hapo, viazi humwagika na karai lote huchafuka.

Mafuta yawe na moto wa digrii 180 hivi. Asiye na kipimo na adondoshe tone la uji: likizama na kubaki chini, mafuta bado, likipanda mara moja huku likitoa mapovu, yako tayari, likigeuka jeusi upesi, moto umezidi. Mafuta yaliyo tayari huukausha unga na kuufanya ganda kabla mafuta hayajaingia ndani. Mafuta yaliyopoa hunywewa na kachori, na mlaji huyaona vidoleni. Kwa sababu hiyo zisitiwe zaidi ya nne au tano kwa mara moja, maana kila moja huyapunguzia mafuta moto wake. Ya kwanza ikaangwe peke yake na kuonjwa, ili kosa lijulikane mapema. Dakika tatu au nne hutosha, kwa kuwa vya ndani vimekwisha kuiva.

HATARI YA MAFUTA

Jambo hili lisichukuliwe kwa mzaha. Karai lisijazwe kupita nusu, wala lisiwekwe mahali ambapo mtoto anaweza kulifikia. Mafuta yakishika moto, mtu asithubutu kumwaga maji. Maji huzama chini ya mafuta, hugeuka mvuke ghafula, na kuurusha moto mpaka darini. Jiko lizimwe ikiwezekana, karai lifunikwe kwa kifuniko cha chuma, wala lisibebwe wala kufunuliwa mpaka lipoe.

Lakini mtu akiungua, hapo yule adui huwa rafiki. Mahali palipoungua pawekwe chini ya maji baridi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20. Siagi, ute wa yai, dawa ya meno na barafu visitumiwe. Ikiwa jeraha ni kubwa, au liko usoni au mkononi, au aliyeungua ni mtoto, apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Mafuta yaliyotumika yaachwe yapoe, yachujwe, yafunikwe. Yakiwa meusi, yakitoa povu, yakinuka, au yakifuka moshi kabla ya wakati wake, yatupwe. Hii ndiyo faida kubwa ya kupika nyumbani: anunuaye kando ya njia hajui mafuta yale yametumika siku ngapi, lakini mwenye jiko anajua.

HESABU YAKE

Mama au kijana anayetaka kuuza kachori na aweke daftari. Ndani yake aandike si bei ya viazi na unga tu, bali pia mafuta yaliyopungua, makaa, viungo na hata karatasi ya kufungia. Wengi huhesabu viazi na kusahau mafuta, kisha hushangaa mwisho wa mwezi kwamba wateja walikuwa wengi na mfuko ni mtupu. Kachori zinazobaki ziandikwe nazo, ili kesho zipikwe chache zaidi. Atakayeyashika hayo, pamoja na usafi wa mikono na wa mafuta yake, atakuwa na kitu cha kuwalisha watoto wake, na pengine cha kuwalipia ada ya shule.