Aliyemaliza Adhabu Afutiwe Hatia



Mwaka 2009 kijana mmoja mchuuzi aligombana na askari wa baraza la mji waliokuja kumnyang'anya bidhaa zake. Akapelekwa kituo cha polisi, alama za vidole vyake zikachukuliwa, na asubuhi akafikishwa mbele ya hakimu kwa kosa la kuzua fujo. Alikubali kosa, kwa maana aliambiwa kwamba anayekataa hurudi rumande. Faini ilikuwa shilingi 2,000. Mama yake alikopa fedha katika chama cha akina mama, akalipa, na kijana akarudi nyumbani akidhani kwamba mambo yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Miaka kumi na mitano baadaye, akiwa baba wa watoto watatu na mzee wa kanisa, aliahidiwa kazi ya udereva. Mwajiri akamtaka alete cheti cha tabia njema. Cheti kikaja na ile hatia ya mwaka 2009, na kazi ikaenda kwa mwingine. Alipofika ofisini kwangu hakulalamika. Aliniuliza swali moja tu: "Wakili, ile faini niliyolipa ilikuwa ya nini, ikiwa bado nadaiwa?"

Sikuwa na jibu la kumridhisha, na nadhani taifa letu pia halina. Ndiyo sababu naandika.

Hebu tuitazame sheria ilivyo. Kifungu cha 348 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai kinasema kwamba aliyekiri kosa katika mahakama ya chini hawezi kukata rufani dhidi ya hatia, isipokuwa kuhusu ukubwa au uhalali wa adhabu. Mlango wa rufani, basi, ulifungwa siku ile ile alipotamka kwamba ni kweli. Anaweza kuiomba Mahakama Kuu ipitie upya kumbukumbu za kesi, lakini hiyo ni njia ya kurekebisha kosa la mahakama. Si njia ya kumsamehe mtu aliyekwisha kuadhibiwa.

Ibara ya 133 ya Katiba ya 2010 inampa Rais uwezo wa kuwasamehe waliopatikana na hatia, kwa ombi la mtu yeyote na kwa ushauri wa kamati maalum. Huo ni uwezo mwema. Hata hivyo, hakuna mstari katika ibara hiyo unaosema kwamba jina la aliyesamehewa litafutwa katika daftari la polisi. Tena si haki kwamba mchuuzi aliyelipa faini ya shilingi 2,000 aupige hodi mlango wa Ikulu ili apate kazi ya udereva.

Ibara ya 35 inampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari za uongo au za kupotosha zinazomdhuru, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 imeitilia nguvu haki ya kusahihishiwa na kufutiwa habari. Kwa aliyeachiliwa na mahakama, au ambaye kesi yake iliondolewa, hii ni silaha ya kutumiwa bila kusita. Lakini habari za mteja wangu si za uongo. Ni kweli kwamba alipatikana na hatia. Anachokihitaji ni sheria inayosema kwamba ukweli ule umekwisha kulipiwa na haupaswi tena kumfuata. Sheria ya namna hiyo, iliyo kamili na yenye kutaja miaka, Bunge letu halijatupatia.

Sasa linganisheni hali hiyo na ya wakubwa. Ibara ya 99 inamzuia kugombea ubunge mtu anayetumikia kifungo cha miezi sita au zaidi wakati wa kuandikishwa au wa uchaguzi, na hata huyo hazuiliwi mpaka njia zote za rufani ziishe. Aliyemaliza kifungo chake haguswi na kipengele hicho. Mimi sipingi kanuni hiyo, kwa kuwa inamheshimu mtu ambaye bado ana nafasi ya kujitetea na inamrudishia haki zake aliyemaliza adhabu. Ninalouliza ni hili: kwa nini huruma hiyo imwangukie anayetaka kutunga sheria, na imkwepe anayetaka kuendesha basi la shule?

Sisi wapenda mageuzi tuna sababu ya pekee ya kulijali jambo hili. Katika miaka ya themanini wananchi walifungwa kwa makosa ya uchochezi, wengine baada ya kukiri chini ya mateso. Mwaka 1997 vifungu vya uchochezi viliondolewa katika sheria zetu. Lakini sheria yetu ya tafsiri inasema kwamba kufutwa kwa sheria hakuondoi, kwa kufutwa huko pekee, adhabu zilizotolewa chini yake. Mahakama Kuu imewapa fidia wengi walioteswa katika jengo la Nyayo, nasi tunashukuru. Lakini fidia ni jambo moja, na hatia iliyoandikwa ni jambo jingine. Na tuwakumbuke vijana waliokamatwa katika maandamano ya Juni 2024 ya kuupinga Mswada wa Fedha. Ni nani atakayewahakikishia kwamba alama za vidole vyao hazitawafuata hadi uzeeni?

Wengine wamekwisha kuonyesha njia. Uingereza, ambayo tulirithi sheria zake nyingi za jinai, ilitunga sheria mwaka 1974 inayohesabu hatia nyingi kuwa zimekwisha baada ya muda kupita bila kosa jipya. Tulirithi fimbo, hatukurithi msamaha. Afrika Kusini, kwa sheria nambari 65 ya 2008, iliweka utaratibu wa kufuta hatia ndogo baada ya miaka 10, na ikaagiza pia kufutwa kwa hatia zilizotokana na sheria za ubaguzi wa rangi.

Najua yupo atakayesema kwamba mwajiri ana haki ya kumjua anayemwajiri. Ni kweli. Mzazi ana haki ya kujua kama mlinzi wa shule aliwahi kumnajisi mtoto, na umma una haki ya kujua ni nani aliyeiba mali yake. Makosa hayo yabaki wazi. Lakini mtu akinyimwa kazi halali kwa kosa dogo la zamani, tunamsukuma kwenye kazi haramu, kisha tunamkamata tena. Huko si kuilinda jamii.

Napendekeza tudai mambo matatu. Kwanza, hatia iliyoadhibiwa kwa faini, kwa huduma ya jamii au kwa kifungo kifupi ifutwe baada ya miaka iliyotajwa na sheria, bila mtu kuhitaji wakili. Pili, kesi iliyoondolewa au iliyoisha kwa kuachiliwa isionekane kamwe katika cheti. Tatu, hatia za uchochezi zilizotolewa chini ya vifungu vilivyofutwa mwaka 1997 zitangazwe kuwa batili.

Hatuna haja ya kungoja mbunge atuamkie. Ibara ya 119 inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Kila parokia, kila usharika na kila kikundi chetu kinaweza kukusanya sahihi baada ya ibada. Wakati huo huo, tuwafundishe vijana wetu wasikubali kosa wasilolitenda kwa kuogopa usiku mmoja wa rumande. Mahakimu nao wakumbushwe kwamba kifungu cha 35 cha Kanuni ya Adhabu kinawaruhusu kumwachilia mkosaji bila adhabu pale inapofaa.

Waumini wenzangu wanamkumbuka Onesimo, mtumwa aliyetoroka. Paulo hakukana kwamba lilikuwapo deni. Alijitolea kulilipa, kisha akamwomba Filemoni ampokee mtu yule kama ndugu. Mteja wangu deni lake alilipa mwenyewe, kwa fedha za mkopo wa mama yake. Kilichobaki ni sisi kumpokea, na kuidai sheria itakayomlazimisha mwenye daftari naye ampokee.