Ombi la Chuo ni Ushahidi



Tumepokea barua kutoka Kondele, Kisumu, iliyoandikwa na mama mwenye duka la madera, mabuibui na mitandio. Binti yake amehitimu shahada ya kwanza ya biashara, na kwa miaka mitatu sasa yuko naye dukani. Anataka kuomba nafasi ya shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, ile ambayo wengi huiita MBA, katika chuo ambacho waombaji ni wengi na nafasi ni chache. Mama anauliza mambo mawili. Kijana mmoja wa saiba amejitolea kumwandikia binti insha za maombi kwa malipo, na amemshauri asilitaje duka hata kidogo, bali aseme alikuwa meneja wa kampuni ya kuagiza bidhaa. Je, akubali? Pili, je, sisi tutamwandikia binti barua ya kumpendekeza, maadamu jina la sheikh lina uzito?

Tumeona tujibu hapa kwa kuwa maswali haya yamo katika nyumba nyingi, za Pwani na za bara. Jawabu letu kwa yote mawili lina msingi mmoja: ombi la chuo ni ushahidi, na ushahidi haununuliwi wala hauazimwi.

Tuanze na duka. Anayedhani kuwa duka la Kondele ni aibu mbele ya chuo kikubwa hajui vyuo hivyo vinafundisha vipi. Chuo cha biashara cha Harvard, kilichoanzishwa mwaka 1908, ndicho kilichoeneza mtindo wa kufundisha kwa visa: wanafunzi hupewa habari za biashara ya kweli iliyofikwa na tatizo, kisha kila mmoja huulizwa, ungekuwa wewe ungefanya nini? Mtindo huo umefika pia Afrika, na Strathmore Business School ya Nairobi, iliyoanza mwaka 2005, ni miongoni mwa wanaoutumia. Katika darasa la namna hiyo, mtu aliyewahi kukaa na mali isiyouzika huku kodi ya nyumba inadaiwa ana la kuwaambia wenzake. Mwenye maneno matupu hana.

Mama ametueleza katika barua yake kwamba zamani wateja walichukua madera kwa mkopo, na deni likawekwa kichwani. Binti alifungua daftari, akaandika jina, kiasi na siku ya kulipa. Akatenga pesa za duka na pesa za jikoni. Akaanza kuagiza mzigo kutoka Mombasa kabla ya Ramadhani kuingia, wakati bei haijapanda. Wasomaji wetu wanajua kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo katika sura ya al-Baqara, inazungumzia kuandikiana madeni. Binti huyu ameitekeleza kwa vitendo, kisha anaambiwa aifiche kazi hiyo!

Basi na aiandike. Asiseme, "Mimi ni kiongozi mwenye maono makubwa," kwani kila mwombaji husema hivyo. Aseme alikuta madeni ya kiasi gani, alifanya nini, nani alimpinga, yalirudi mangapi na yapi hayakurudi mpaka leo. Hesabu aitoe katika daftari na katika taarifa za M-Pesa za duka, si katika kumbukumbu. Kisha aeleze kwa uwazi ni elimu gani anayoikosa ambayo chuo hicho kinayo, na atakaporudi ataifanyia nini. Insha inayojibu maswali hayo matatu, yaani nimefanya nini, ninakosa nini na ninakwenda wapi, ni insha yenye nguvu hata kama lugha yake ni nyepesi.

Ama kijana wa saiba, tunamshauri mama amshukuru na amwache. Kusahihishiwa tahajia na kushauriwa si kosa. Kuandikiwa maisha ambayo hukuyaishi ndiko kosa. Vyuo vingi huwaita waombaji kwa mahojiano, na huko binti ataulizwa juu ya kampuni ambayo haipo. Akivuka hapo, vyuo vingine hupeleleza habari za kazi baada ya kumkubali mtu, na uongo ukidhihirika nafasi hufutwa. Na tuseme hakuna aliyegundua. Nafasi aliyoichukua ilikuwa ya mwingine aliyesema kweli. Hilo ni deni ambalo halimo katika daftari lolote la dunia.

Sasa barua ya kupendekezwa. Mama atusamehe, lakini hatutaiandika. Binti hatumjui kwa kazi yake. Tungeandika kwamba ni mchapakazi tungekuwa tumetoa ushahidi juu ya jambo ambalo hatukuliona, na ukubwa wa dhambi ya ushahidi wa uongo hatuna haja ya kuwakumbusha wasomaji wetu. Zaidi ya hayo, barua yetu isingemfaa. Wanaochagua hawatafuti jina kubwa. Wanatafuta mtu aliyemwona mwombaji akifanya kazi, naye akataja siku moja mahususi na jambo moja mahususi. Mwenye jumla wa Mombasa ambaye kwa miaka mitatu amemtumia mzigo na kulipwa kwa ahadi, huyo ni shahidi. Mhadhiri aliyemsimamia katika utafiti wake wa mwisho, huyo ni shahidi. Mwenyekiti wa chama cha akina mama anachokitunzia hesabu, naye pia. Awaendee mapema, angalau mwezi mmoja kabla, awaachie maelezo mafupi ya anachokiomba na sababu yake. Mmoja akimwambia, "Andika mwenyewe, mimi nitatia sahihi," atafute mwingine.

Yapo mambo mengine matatu ambayo hukwamisha watoto wetu.

La kwanza ni mtihani. Vyuo vingi vya nje, ingawa si vyote, hutaka alama za mtihani wa GMAT au mwenziwe GRE. GMAT ya sasa ina sehemu tatu, hesabu, ufahamu wa maneno na uchambuzi wa takwimu, kila moja dakika 45, na alama zake ni kuanzia 205 hadi 805. Matokeo hudumu miaka 5, kwa hiyo hakuna sababu ya kungoja hadi mwaka wa kuomba. Miezi kadhaa ya mazoezi baada ya swala ya alfajiri, kabla duka halijafunguliwa, ni bora kuliko wiki mbili za kukesha.

La pili ni jina. Katika familia zetu mtoto huwa Mohamed kwenye cheti cha kuzaliwa, Muhammad kwenye kitambulisho na Mohammed kwenye cheti cha shule. Jina alilojiandikishia mtihani likitofautiana na lile la pasipoti, anaweza kuzuiwa mlangoni na ada ikapotea. Wazazi, toeni vyeti vyote leo, vipangeni mezani, mlinganishe herufi kwa herufi. Marekebisho ya ofisini huchukua muda.

La tatu ni gharama, na hapa wengi huikimbilia mikopo ya riba kabla hawajabisha mlango mwingine. Upo ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza, ambao Wakenya wanaruhusiwa kuuomba kwa uzamili wa mwaka mmoja. Sharti lake ni saa 2,800 za kazi, iwe ya malipo au ya kujitolea, na kurudi nyumbani kwa muda usiopungua miaka miwili baada ya masomo. Saa za dukani nazo huhesabiwa, mradi zimeandikwa na zina wa kuzishuhudia. Daftari tena!

Tumesikia pia minong'ono kwamba masomo haya si ya mwanamke. Harvard yenyewe iliwapokea wanawake katika mwaka wa kwanza wa shahada hiyo mwaka 1963, mwaka ule ule Kenya ilipojitawala, nao walikuwa 8 tu. Sisi hatukuwa na haja ya kungoja mpaka hapo. Bibi Khadija, radhi za Allah zimshukie, alikuwa na misafara ya biashara kwenda Sham, na alichagua wa kumwamini kwa sifa ya ukweli wake.

Kwa binti wa Kondele tunasema: kata ukurasa mmoja usiku huu, andika mambo matatu uliyoyabadilisha dukani na majina ya watu wawili walioyaona. Hapo ombi lako limekwisha kuanza. Chuo kikikubali, alhamdulillahi. Kikikataa, utabaki na ukweli wako na duka lililonyooka, na mwaka ujao mlango hufunguliwa tena.

Wabillahi tawfiq.