Busu la Sydney: Mchezaji hakuanguka, lakini faulo ipo

AGOSTI 20, 2023, Stadium Australia, jijini Sydney. Hispania wamemaliza kazi. Bao la Olga Carmona la dakika ya 29 limetosha kuizima England 1-0, na Kombe la Dunia la Wanawake linakwenda Hispania kwa mara ya kwanza. Wachezaji wanapanda jukwaani mmoja mmoja kuvishwa medali. Jenni Hermoso, ambaye penalti yake ilidakwa na Mary Earps kwenye mechi hiyohiyo, anafika mbele ya Rais wa Shirikisho la Soka la Hispania, Luis Rubiales. Bosi anamkumbatia, anamshika kichwa kwa mikono miwili, anambusu mdomoni. Kamera zote zinaona.

Februari 20, 2025, Mahakama Kuu ya Taifa ya Hispania ilimtia Rubiales hatiani kwa shambulio la kingono. Alipigwa faini ya euro 10,800, karibu Sh29 milioni za Tanzania, akaamriwa asimkaribie Hermoso ndani ya mita 200 wala kuwasiliana naye kwa mwaka mmoja. Juni 2025 rufaa zikatupwa. Hukumu ikabaki palepale.

Vijiweni kauli ikawa moja: "Yaani busu tu? Watu wamebeba kombe, wana furaha, mtu anashitakiwa kwa busu?"

Swali hilo si la kijinga, linastahili majibu. Ndani yake kuna mjadala mzima ambao soka limeukwepa kwa miaka mingi: nini hasa kinaitwa ukatili wa kingono, na nani anaamua kwamba umetokea.

SHERIA ILIPOBADILISHA SWALI

Kabla ya Sydney kulikuwa na Pamplona. Julai 2016, kwenye sherehe za San Fermín, zile za watu kukimbizwa na mafahali, wanaume watano walimwingilia binti wa miaka 18 kwenye lango la jengo na kujirekodi kwa simu. Aprili 2018 mahakama ya Navarra iliwapa kifungo cha miaka tisa, lakini ikakataa kuuita ubakaji. Majaji waliita "unyanyasaji", kwa hoja kwamba sheria ya wakati ule ilitaka kuwe na nguvu au vitisho. Binti hakupigana. Aliganda tu.

Maelfu ya watu waliingia barabarani Hispania nzima. Juni 2019 Mahakama ya Juu ilisahihisha: ule ni ubakaji, miaka 15 jela. Binti mmoja kuzungukwa na wanaume watano mahali alipokosa pa kutokea, ikasema mahakama, ni vitisho tosha.

Kutoka hapo ikazaliwa sheria ya mwaka 2022 ambayo Wahispania wanaiita "ndiyo pekee ndiyo ndiyo". Ilifuta mpaka kati ya "unyanyasaji" na "shambulio". Zamani mahakama ilianza kwa kuuliza: je, alipigana? Je, alitishwa? Sasa inaanza na swali jingine: je, aliridhia? Kama hakuna ridhaa, kuna kosa, na uzito wa tendo ndio unaoamua adhabu, kuanzia faini hadi miaka mingi gerezani.

Sheria hiyo haikukosa makosa. Kwa kuchanganya viwango vya adhabu, iliwapa mwanya mamia ya wafungwa wa zamani kupunguziwa vifungo, na Aprili 2023 Bunge likalazimika kuirekebisha. Lakini msingi wa ridhaa haukuguswa, na Rubiales alihukumiwa kwa msingi huohuo.

Kwa hiyo hakuna mahakama iliyosema busu la Sydney ni sawa na kilichotokea Pamplona. Mwendesha mashtaka alitaka Rubiales afungwe miaka miwili na nusu. Jaji akakataa, akasema tendo lilikuwa la kiwango cha chini, faini inatosha. Kwenye shitaka la pili, la kumlazimisha Hermoso atoe kauli ya kumkingia kifua, Rubiales aliachiwa huru pamoja na wenzake watatu, akiwamo kocha Jorge Vilda. Anayedai kwamba Hispania imemtundika mtu msalabani kwa busu hajaisoma hukumu.

"MBONA ALICHEKA?"

Silaha kubwa ya upande wa utetezi ilikuwa video. Hermoso anaonekana akicheka vyumbani. Hermoso anaonekana kwenye basi na wenzake, chupa za shampeni mkononi, busu likitaniwa. Mwanamke aliyeshambuliwa anacheka vipi?

Shabiki wa soka ndiye mtu wa kwanza anayepaswa kulijibu hilo, kwa sababu analiona kila wikiendi. Mshambuliaji anakanyagwa kisigino akiwa anakimbia kwenda golini. Haanguki. Anayumba, anajikaza, anaendelea na mpira kwa sababu mbele kuna goli. Je, hakuchezewa faulo? Imechezwa. Mwamuzi anayejua kazi yake ataacha faida iendelee, mpira ukitoka atarudi kumuonyesha beki kadi. Kuendelea kukimbia hakufuti kukanyagwa.

Hermoso alikuwa mbele ya goli la maisha yake. Miaka yote ya kucheza, kombe limepatikana, kamera kila kona, na aliyemfanyia vile ni bosi wa bosi wake. Alitakiwa afanye nini, alie jukwaani na kuharibu sherehe ya wenzake 22? Kwenye hizohizo video za vyumbani anasikika akisema hakupendezwa. Mahakamani alieleza kwamba tukio lile lilitia doa mojawapo ya siku zake za furaha kubwa. Rubiales alisema aliomba ruhusa na akapewa. Jaji alimwamini Hermoso, na akaeleza kwamba namna mtu anavyosherehekea baadaye haigeuzi kilichotokea kuwa halali.

Hapo ndipo mjadala unapowagusa mashabiki. "Mbona hakupiga kelele?" "Mbona alicheka?" "Alifuata nini usiku ule?" "Alivaa nini?" Maswali haya yote yanamkagua aliyechezewa faulo. Hakuna anayemuuliza beki mguu wake ulifuata nini pale. Ukichanganya na misemo iliyozoeleka, kwamba kimya cha mwanamke ni ndiyo na kwamba akikataa anajivunga, unapata mazingira ambayo mkosaji halazimiki kujitetea. Kijiwe kizima kinafanya kazi hiyo bure. Wataalamu wanaita utamaduni wa ubakaji. Neno lenyewe linawaudhi wengi, kwa sababu wanasikia kana kwamba kila mwanaume anaitwa mbakaji. Maana yake siyo hiyo. Maana yake ni mazoea yanayofanya kosa lionekane dogo na mlalamikaji aonekane tatizo.

KICHEKO CHA ROBINHO

Anayebisha kwamba mazoea hayo yapo amtazame Robinho. Mwaka 2013, akiwa mchezaji wa AC Milan, yeye na wenzake walimbaka kwa zamu mwanamke kwenye klabu ya usiku jijini Milan. Mwaka 2017 mahakama ya Italia ilimhukumu miaka tisa, na Januari 2022 hukumu ikathibitishwa kwenye ngazi ya mwisho. Ushahidi mzito ulitoka mdomoni mwake mwenyewe: mazungumzo ya simu yaliyonaswa na wapelelezi, ambamo anacheka na kusema mwanamke alikuwa amelewa kiasi cha kutojua kinachoendelea.

Yeye aliona ulevi wa mwanamke ni utetezi wake. Mahakama ikaona ni ushahidi dhidi yake, maana mtu asiyejua kinachoendelea hawezi kuridhia. Lakini tazama klabu. Oktoba 2020, hukumu ya kwanza ikiwa na miaka mitatu, Santos walimsajili. Wadhamini walipotishia kuondoka ndipo mkataba ukasimamishwa. Machi 2024 Mahakama ya Brazil ikaagiza akatumikie kifungo chake nyumbani, na akapelekwa gerezani. Kwa ufupi, pesa za wadhamini ziliona tatizo kabla ya klabu.

NA ALVES JE?

Wanaotetea upande wa pili wana hoja yao, na jina lake ni Dani Alves. Beki huyo wa zamani wa Barcelona alishitakiwa kumbaka mwanamke kwenye klabu ya usiku Desemba 2022. Februari 2024 akahukumiwa miaka minne na miezi sita. Machi 2025 mahakama ya rufaa ya Catalonia ikafuta hukumu na kumwachia huru, baada ya kukaa mahabusu zaidi ya mwaka mmoja. Majaji walisema ushahidi haukufikia kiwango cha kuondoa haki yake ya kuhesabiwa hana hatia. Papo hapo wakafafanua kwamba hilo halina maana kuwa maelezo ya Alves ndiyo ya kweli.

Basi wapo wanaosema: mnaona? Siku hizi mwanamke akisema tu, mwanaume kwisha habari yake.

Kesi ya Alves inaonyesha kinyume chake. Sheria ya ridhaa ilikuwepo, na bado mtuhumiwa aliachiwa kwa sababu ushahidi haukutosha. Kubadilisha maana ya kosa hakujafuta wajibu wa kulithibitisha. Kumsikiliza mlalamikaji siyo kumfunga mtuhumiwa. Usiku ule wahudumu wa klabu ile walifuata utaratibu wa Jiji la Barcelona uliopo tangu 2018: mhudumie kwanza aliyelalamika, mpeleke mahali penye utulivu, muite polisi, tunza ushahidi. Hawakumuuliza alivaa nini, wala hawakumhukumu mtu. Waliacha kazi ya mahakama kwa mahakama.

HUKU KWETU

Anayedhani haya ni mambo ya Wazungu afungue vitabu vya sheria vya nyumbani. Tangu marekebisho ya mwaka 1998, Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inaueleza ubakaji kwa msingi wa ridhaa: kumwingilia mwanamke bila ridhaa yake, au kwa ridhaa iliyopatikana kwa nguvu, vitisho au hofu. Kwa msichana wa chini ya miaka 18, kusema ndiyo hakumwokoi mwanaume. Mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mwathirika peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli. Kenya nayo, kwenye Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006, inaeleza kwamba ridhaa ni kukubali kwa hiari, ukiwa na uhuru na uwezo wa kuamua.

Uhuru. Neno hilo ndilo zito kwenye soka. Kocha ndiye anayepanga kikosi. Kiongozi ndiye anayesaini mkataba, anayetoa posho, anayejua nani atasafiri na timu. Binti wa miaka 19 anayetafuta namba, akiitwa chumbani kwa kocha usiku wa kambi, ana uhuru gani? Tanzania ina jina la hilo: rushwa ya ngono, kosa linalotajwa kwenye Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Afghanistan ilijifunza kwa uchungu. Juni 2019 FIFA ilimfungia maisha Keramuddin Karim, rais wa shirikisho lao, kwa kutumia cheo chake kuwanyanyasa kingono wachezaji wa timu ya taifa ya wanawake.

Mwaka 2025 Twiga Stars walikwenda Morocco kucheza Wafcon. Ligi ya wanawake inakua, akademi zinafunguliwa, wazazi wanaanza kuwaruhusu mabinti waende kambini. Mzazi anayemruhusu mwanaye anauliza jambo moja tu: atarudi salama? Klabu inayotaka jibu la kueleweka inahitaji mwanamke kambini ambaye binti anaweza kumwambia, kocha asiyekutana na mchezaji peke yake chumbani, na mahali pa kupeleka malalamiko ambapo hapasimamiwi na mlalamikiwa. Haya hayahitaji bajeti ya Real Madrid.

Na mashabiki wana lao. Timu ikipigwa tano, kama Novemba 5, 2023 Yanga ilipoifunga Simba 5-1, utani hauna breki, na utani ni roho ya soka la huku. Lakini wapo wanaosema timu "imebakwa", na meza nzima inacheka. Kwenye meza hiyohiyo huenda amekaa dada, au kaka, ambaye kwake neno hilo lina tarehe na jina la mtu. Yeye hucheka pia, asigundulike. Mdharau mwiba, mguu huota tende.

Siku tano baada ya fainali ya Sydney, Rubiales alisimama mbele ya mkutano wa shirikisho, akarudia mara tano kwamba hajiuzulu. Ukumbi ulimpigia makofi. Miongoni mwa waliopiga ni Luis de la Fuente, kocha wa timu ya taifa ya wanaume. Kesho yake FIFA ikamsimamisha Rubiales. Wachezaji wa kike zaidi ya 80 walikuwa wameshatangaza hawachezi mpaka uongozi ubadilike. Septemba 1 de la Fuente akajitokeza kuomba radhi kwa makofi yale. Siku tisa baadaye Rubiales akatangaza kuondoka, na Oktoba FIFA ikamfungia miaka mitatu.

De la Fuente alihitaji siku saba kugundua kwamba alimpigia makofi mtu asiyestahili, na alikuwa na kamera za kumkumbusha. Kijiweni hakuna kamera.