Kimeng'enya Kiko Wapi?

Kwa kawaida viluwiluwi wa mbu husagwa pamoja, rojo lao likapimwa, kisha ikaandikwa orodha ya vimeng'enya vilivyopatikana. Orodha hiyo haitoshi. Makala za toleo hili zinauliza kila kimeng'enya kinakaa sehemu gani ya utumbo, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye siri ya dawa tunazonyunyizia kwenye mazalia.

Mlishe kiluwiluwi wa Aedes aegypti rangi ya thimoli bluu, umtazame kwa hadubini akiwa hai. Ngozi yake inapitisha mwanga, kwa hiyo huna haja ya kumpasua. Utaona sehemu ya mbele ya utumbo wa kati imekolea buluu, dalili ya alikali kali inayokaribia pH 11. Sogeza jicho nyuma kidogo: buluu inakatika, manjano inaanza. Mrija ni mmoja, lakini kinachofanyika huku si kinachofanyika kule.

Bakteria wa dawa hizo aitwaye Bti, aliyegunduliwa katika jangwa la Negev nchini Israel mwaka 1976, huua kwa kutumia mpangilio huohuo. Fuwele zake za protini huyeyuka ndani ya alikali, vimeng'enya vya kiluwiluwi mwenyewe huzikatakata, na vipande hivyo ndivyo vinavyotoboa ukuta wa utumbo.

Kisa cha bakteria mwingine wa dawa hizo, Lysinibacillus sphaericus, kinagusa zaidi. Sumu yake hunasa kwenye alfa-glukosidasi, kimeng'enya cha kuchambua sukari kilichotiwa nanga kwenye uso wa seli za utumbo. Katika ukoo mmoja wa mbu sugu wa Culex, badiliko la jeni liliikata nanga hiyo. Kimeng'enya kinaendelea kutengenezwa, ila ukutani hakipo. Sumu inakosa pa kushika, kiluwiluwi anaimeza na kuishi. Mtafiti anayesaga na kupima tu anaweza kupitwa kabisa na jambo hilo.

Kiwanda cha Kibaha, mkoani Pwani, huzalisha dawa za bakteria hawa wawili. Nchi inayotengeneza dawa hizi inahitaji pia maabara zenye kingamwili za kutia alama na hadubini za kuonyesha alama hizo, ili usugu ukianza tujue umeanzia wapi utumboni. Kwa hiyo, kuanzia toleo lijalo, makala ya vimeng'enya vya viluwiluwi isiyo na picha ya utumbo wenyewe tutairudisha kwa mwandishi.